Kuujua Mji kwa Miguu: Njia za Kuchunguza Maisha ya Watu, kwa Mfano wa Kariakoo

Waalimu wenzetu wengi hutakiwa mara kwa mara kuandika habari za mahali wanapofanya kazi: watu wake ni wa kabila gani, wanakaa namna gani, wanapata riziki yao wapi. Nao huifanya kazi hiyo kama walivyofundishwa. Huchukua daftari lenye mistari, huenda nyumba kwa nyumba, huuliza maswali yale yale kwa kila mtu, halafu hujumlisha. Njia hii si mbaya, wala hatutaki kuidharau. Lakini sisi tuliifuata katika Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ikatupoteza. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu jinsi tulivyopotea, na tuwatajie njia nyingine zinazotumiwa na wataalamu wa jiografia ya watu, ambazo ndizo zilizoturudisha.

Habari yenyewe ndiyo hii. Tulikuwa waalimu wachache tuliotaka kuanzisha darasa la jioni la kusoma na kuhesabu kwa ajili ya wanawake wanaopika na kuuza chakula kando ya soko, wale waitwao mama lishe. Tulipita tukiandika majina yao, tukawauliza kama wanataka kusoma, nao wakajibu kwamba wanataka. Tukaazima chumba si mbali na soko, tukanunua chaki na madaftari, tukatangaza kwamba darasa litafunguliwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku ya kwanza walikuja wawili; siku ya pili alikuja mmoja; siku ya tatu tulikaa peke yetu tukitazamana. Ndipo tukasema, kama wasemavyo waalimu walioshindwa, ya kuwa watu hawa hawana haja ya elimu. Neno hilo halikuwa la kweli, nasi tulilisema kwa ujinga wetu wa mambo yao.

I. Hesabu na mpaka wake

Hesabu huuliza swali moja kwa watu wote. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na mkoa wa Dar es Salaam ulionekana kuwa na watu 5,383,728. Serikali yahitaji hesabu ya namna hii, maana mtu hawezi kulala mahali pawili usiku mmoja, basi hahesabiwi mara mbili. Lakini tazameni inavyokuwa kwa Kariakoo. Mama atokaye Mbagala kabla ya mapambazuko na kurudi huko jua likizama huhesabiwa Mbagala. Kuli alalaye Tandika huhesabiwa Tandika. Mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kongo au Malawi kununua nguo kwa bei ya jumla huhesabiwa kuwa mgeni wa usiku mmoja, tena akiwa amekwisha kuondoka hahesabiwi kabisa. Kwa hiyo Kariakoo iliyo vitabuni ni Kariakoo ya usiku, milango ikiwa imefungwa. Kariakoo ya mchana, ile iliyosongamana hata mtu hugeuka ubavu ili apite, haimo.

Wazee walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hesabu huweza kutuambia vitanda ni vingapi. Habari za kunguni haina budi kuulizwa kwa namna nyingine. Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalitolewa na Dkt. Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, hakuhesabu watu. Alieleza kwa lugha yake mwenyewe mambo aliyoyaona na kuyatenda, na kwa hiyo kitabu kile chasomwa hata leo. Kadhalika J. A. K. Leslie, aliyeichunguza Dar es Salaam katika mwaka 1956 na 1957, alihesabu watu na nyumba; lakini kitabu chake, kilichopigwa chapa mwaka 1963, kinapendwa zaidi kwa sababu ya habari za maisha yaliyo nyuma ya hesabu zile.

II. Kuanza na majina ya mahali

Mchunguzi asiye na fedha wala vyombo aweza kuanza na majina, maana kila jina ni ushahidi wa mtu aliyepatazama mahali akapaita. Mtaalamu wa jiografia Garth Myers alifanya hivyo kwa Ng'ambo ya mji wa Unguja. Aliyachunguza majina ya mitaa, akaona kwamba wenyeji walikuwa na mpango wao wa mji, usiofanana na mpango wa watawala.

Kariakoo yenyewe ni mfano. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, wakawaweka wapagazi wa jeshi lao mahali hapa, katika jengo ambalo Wadachi walikuwa wamelijenga kabla ya vita. Kikosi kile cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kinywa cha Kiswahili kikafanya Kariakoo. Huko Nairobi neno lile lile likawa Kariokor. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya vita jengo lile likafanywa soko, katika mwaka 1923, na jina la kikosi likabaki kuwa jina la soko na la mtaa mzima. Hivyo kila mtu asemaye leo, Nakwenda Kariakoo, huwataja wapagazi wale pasipo kujua.

Tutazame na Mnazi Mmoja. Wadachi, na Waingereza baada yao, waliugawanya mji sehemu tatu, ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu ili kuwatenga watu. Ukiitazama ramani ya watawala, utaona utupu. Ukiwauliza wazee, utaambiwa habari za sherehe, mpira, na mikutano ya kudai uhuru katika miaka ya 1950. Mahali palipoachwa wazi ili watu wasikutane, ndipo walipokutana.

Lugha yenyewe imeendelea na kazi hii. Uzunguni na Uhindini yalikuwa majina ya watu wa aina fulani waliowekwa mahali fulani. Siku hizi Uswahilini ni jina la mtaa wowote wenye nyumba zilizobanana, njia nyembamba na majirani wanaosikiana ukutani, hata kama wakazi wake wametoka Songea au Bukoba. Nayo majina ya barabara hubadilishwa na serikali: New Street ikawa Lumumba, Kichwele ikawa Uhuru. Mchunguzi na aandike majina yote mawili, tena aandike ni nani atumiaye lile la zamani. Asidhani pia kwamba maana ya neno ndiyo hali ya mahali. Jangwani ni jina la jangwa, lakini bonde lile la mto Msimbazi hufurika maji wakati wa masika hata barabara hufungwa.

III. Kutembea pamoja na mwenyeji

Njia ya pili ni kutembea. Mtu akiulizwa habari za mtaa wake naye ameketi chumbani, hujibu kwa maneno ya jumla; akiulizwa pale penyewe, kila kona humkumbusha jambo. Mtaalamu Margarethe Kusenbach, aliyeandika juu ya njia hii mwaka 2003 baada ya kuwachunguza watu wa Los Angeles, aonyesha ya kuwa yafaa kumfuata mtu katika safari zake za kila siku, katika njia yake mwenyewe na kwa mwendo wake mwenyewe, wala si kumchukua matembezini kwa njia tuliyoichagua sisi.

Lakini mambo mengi hutegemea ni nani tunayetembea naye. Charles Booth alipochora ramani za umaskini wa London, zilizoanza kutolewa mwaka 1889, kila mtaa ulipakwa rangi kwa kadiri ya hali ya watu wake. Miaka kumi hivi baadaye wasaidizi wake walizunguka mitaani pamoja na maaskari polisi ili kuzisahihisha. Daftari zao zina maarifa mengi, walakini macho ni ya polisi: hutazama kwanza ni wapi penye walevi na wezi. Mtu akitembea Kariakoo na mwenye nyumba atajua kodi za fremu za maduka. Akitembea na kuli atajua mahali gari linapoweza kusimama, na ngazi ipi inavunja mgongo. Akitembea na winga, yaani kijana anayewapeleka wanunuzi katika maduka yasiyoonekana barabarani, atajua biashara ya ghorofa ya tatu na ya nne ambayo hakuidhania. Wote wataonyesha Kariakoo, na kila mmoja yake.

Sisi tulimwomba mmoja wa wale mama lishe atukubalie kumfuata siku moja. Tulimwamkia, Shikamoo mama, akaitikia, Marahaba, wanangu, akacheka kidogo, akasema, Mtachoka. Alisema kweli. Tulikutana naye saa kumi na moja alfajiri aliposhuka katika gari. Kwanza alikwenda kununua nyanya na vitunguu wakati matenga yanaposhushwa, maana baadaye bei hupanda na zilizo nzuri huisha. Kisha alifuata mkaa wake, aliouweka uani kwa nyumba moja kwa malipo kidogo. Alipita vichochoro ambavyo hatukuvijua, akitusimulia: hapa palikuwa nyumba ya fulani, tulikuwa tukipumzika barazani, sasa ni ghorofa, na baraza imekuwa duka.

Neno lile la baraza lilitufungua macho. Wasomaji wetu wajua nyumba ya Kiswahili ilivyo: baraza mbele, ukumbi wa kupita katikati, vyumba kwa pande mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kariakoo yote ilijaa nyumba za namna hii. Tangu miaka ya 1990 nyingi zimebomolewa na kujengwa maghorofa. Mpimaji huandika kwamba nyumba fupi imekuwa ndefu. Mama huyu alitueleza kwamba mahali pa kuketi bila kulipa pamekwisha.

IV. Ramani ya moyoni

Njia ya tatu ni kumpa mtu karatasi tupu na kumwomba achore mtaa wake kama aujuavyo. Mtaalamu Kevin Lynch wa Marekani alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1960, baada ya kuwauliza watu wa Boston, Jersey City na Los Angeles. Aliona kwamba watu hushika mji moyoni kwa vitu vya aina tano: njia wazipitazo, kingo zinazowazuia, mitaa wanayoihesabu kuwa kitu kimoja, makutano, na alama zinazoonekana kwa mbali. Mchunguzi hatazami kama mchoro ni sahihi kwa kipimo. Hutazama ni nini kilichochorwa kikubwa, ni nini kidogo, na ni nini kilichoachwa.

Mwanzo wanawake wetu walikataa, wakisema hawajui kuchora. Tuliweka karatasi chini, tukatia vifuniko vya soda kuwa nyumba na vijiti kuwa njia. Ndipo wakaanza, wakashindana na kusahihishana. Soko kubwa, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye nguzo zinazopanuka juu kama miavuli na sehemu ya chini watu waitayo shimoni, lilikuwa kifuniko kimoja tu. Lakini bomba la maji, choo cha kulipia, ua wa kuweka mkaa, na kituo cha magari vilipata vifuniko vikubwa vilivyopangwa kwa uangalifu. Barabara ya Msimbazi, ambayo tangu mwaka 2016 hupitiwa na mabasi ya mwendokasi, kwetu ni njia. Wao waliilaza kama ukingo, maana kuivuka na sufuria ya moto ni hatari.

Tukawauliza, Chumba chetu cha darasa kiko wapi? Wakatazamana. Mmoja akachukua kifuniko akakiweka nje ya karatasi, ng'ambo ya kile kijiti cha Msimbazi. Kwa hatua zetu chumba kile kilikuwa karibu. Kwao kilikuwa nje ya mji.

V. Siku ya mtu, na picha zake

Njia ya nne ni kuifuata siku ya mtu kama uzi. Mtaalamu wa Sweden, Torsten Hägerstrand, katika maandiko yake ya mwaka 1970, alifundisha kwamba maisha ya kila mtu ni mstari upitao mahali na saa kwa pamoja, na kwamba mstari huo hufungwa na vifungo vya namna tatu. Kwanza ni mwili, maana mtu hana budi kulala, kula, na kwenda kwa mwendo wa chombo alicho nacho. Pili ni kukutana, maana kazi nyingi haziwezekani bila watu wengine kuwapo mahali pale saa ile. Tatu ni ruhusa, maana kila mahali pana mwenyewe, naye ndiye afunguaye na kufunga.

Tulipoichora siku ya mama yule kwa vifungo hivi, ujinga wetu ulionekana mara moja. Kwa kifungo cha mwili, aliamka saa tisa usiku. Kwa kifungo cha kukutana, alitakiwa awepo matenga yanaposhushwa, tena awepo saa sita hata saa nane wateja wanapokula, tena awahi gari la jioni kabla ya msongamano, na nyumbani watoto wangojea. Kwa kifungo cha ruhusa, ua unaohifadhi vyombo vyake hufungwa kabla ya magharibi. Saa kumi na mbili na nusu, tuliyoichagua kwa kuwa ilikuwa nzuri kwetu, ilikuwa saa ambayo hangeweza kuwapo hata kwa kutaka. Lakini kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, vyombo vikiisha kuoshwa, uzi wake ulilegea kidogo.

Mbona basi hakutuambia tangu mwanzo? Tulimwuliza. Akajibu, Mliniuliza kama nataka kusoma, nikasema nataka. Hamkuniuliza saa.

Njia ya tano ni picha. Katika miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, nchi ya China, kamera ili wapige picha za maisha yao, kisha wazieleze wenyewe mbele ya wakubwa. Siku hizi watu wengi wana simu yenye kamera, basi kazi ni rahisi. Shart ni moja: picha isielezwe na mchunguzi bali na aliyeipiga. Mama mmoja alituletea picha ya ukuta wenye mistari ya mkaa. Tulidhani ataka kuonyesha uchafu. Akaeleza kwamba ile ni daftari yake: kila mteja ana mahali pake ukutani, mstari mrefu ni sahani ya wali, mfupi ni chai, na ulipokatwa deni limelipwa. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumfundisha kuhesabu. Lililompungukia ni kuandika majina, maana mwenye jengo alitaka kupaka ukuta chokaa.

VI. Wachunguzwao kuwa wachunguzi

Njia hizi zote zaelekea upande mmoja, yaani kumfanya mwenyeji kuwa mshirika katika uchunguzi. Katika jambo hili Tanzania haikuwa mwanafunzi wa mwisho. Marja-Liisa Swantz wa Finland alikuja nchini mwaka 1952 akawa mwalimu huko Ashira, Kilimanjaro. Baadaye alikaa kijijini Bunju kati ya Wazaramo, akajifunza ibada na mizungu yao kwa kuishi na wanawake, akatoa kitabu chake mwaka 1970. Kisha, kuanzia mwaka 1975, yeye na wenzake Watanzania na Wafini waliifanya kazi iliyoitwa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ambako wanavijiji waliulizwa pia ni jambo gani lifaalo kuchunguzwa, na matokeo yalijadiliwa pamoja nao. Jina lenyewe lilieleza nia ya kazi.

Jirani nayo ni kazi ya Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa inayofurika walizunguka pamoja, wakaandika njia, mifereji na nyumba ambazo hazikuwamo katika ramani yo yote, wakaziweka mahali ambapo kila mtu aweza kuziona bila malipo. Mpimaji aweza kuona mfereji kutoka angani. Lakini kwamba mfereji ule huziba mahali fulani, na kwamba maji hufika dirishani kwa nyumba fulani, hilo hujulikana kwa yule aliyelala ndani ya nyumba hiyo.

VII. Adabu ya kazi hii, na hatari zake

Wasomaji watauliza, Je, maneno ya watu wachache yaweza kuwa ushahidi? Twajibu kwamba yanashuhudia jambo jingine. Mtu mmoja hawezi kutuambia ni wangapi wanaolala Kariakoo. Bali aweza kutuonyesha namna mambo yanavyofungamana, na sababu za jambo kutokea. Hata hivyo yafaa kupima kwa mashahidi watatu: lile tuliloambiwa, lile tuliloliona kwa macho, na lile lililoandikwa zamani. Zikipingana, tusiharakishe kusema mmoja amedanganya. Winga na mwenye duka hawatasema jambo moja juu ya ngazi moja, na kule kutopatana ndiko habari yenyewe.

Tena maneno na yaandikwe kama yalivyosemwa. Mchunguzi anayeandika muuzaji mdogo mahali pa machinga, au gunia lililozidi mahali pa lumbesa, ametupa nusu ya maarifa, maana katika lumbesa mna shilingi ya mkulima iliyopotea, na katika machinga mna ubishi wa miaka mingi juu ya nani aliye na haki ya kusimama barabarani.

Hatari kubwa ni ya kumdhuru aliyetufungulia mlango. Ramani ionyeshayo vizuri mahali wauzaji wanapoketi bila ruhusa yaweza kutumiwa kuwaondosha. Katika mwaka 2021 wamachinga waliondolewa katika barabara nyingi za mji na kupelekwa mahali palipotengwa. Katika siku kama zile daftari la mwalimu laweza kuwa hati ya mashtaka. Kwa hiyo sisi hatukuandika majina halisi wala mahali kamili, na mchoro wa vifuniko tuliwaachia wenyewe. Mtu akisema, Hili usiliandike, halikuandikwa. Wala tusitumie mwendo wa pamoja kuwa ujanja wa kumfanya mtu aseme asilotaka. Kabla ya kupeleka habari kwa mtu mwingine ye yote tuliwasomea, nao wakasahihisha mambo ambayo tungaliapa kuwa kweli.

Liko na jambo la muda. Kumfuata mtu siku nzima ni kumzuia, hata akisema si kitu. Tulinunua chakula chetu kwake kwa bei ya watu wote, tukabeba maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo sheria ya uchunguzi huu; mgeni akija na mwenyeji asipate nafuu yo yote, hiyo si elimu bali ni mavuno katika shamba la mwingine.

Darasa letu tulilihamisha. Sasa lafanywa uani kwa ile nyumba ya mkaa, tangu saa tisa hata saa kumi alasiri, siku tatu kwa juma. Hawaji wote walioandikwa, na siku za mvua hawaji kabisa, maana ua hauna paa. Lakini wale wanaokuja huja na madeni yao, na somo la kwanza halikuwa a, e, i, o, u bali majina ya wateja. Tulipofunga muhula, yule mama wa ukuta alituonyesha daftari: majina kwa wino, na mbele ya kila jina mistari mirefu na mifupi kama ile ya mkaa. Tulimwuliza kwa nini hakuandika tarakimu tulizomfundisha. Alisema mistari huihesabu upesi zaidi, nasi hatukumbishia.

Twawaomba waalimu wenzetu wa Tanga, Mwanza, Mombasa na kwingineko waanze na jambo dogo: mtaa mmoja, mwenyeji mmoja, asubuhi moja. Waandike majina ya mahali kama yanavyotamkwa, pamoja na sababu alizozitoa mwenyeji, hata zikiwa mbili zinazopingana. Na kabla ya kutangaza saa ya jambo lo lote, waulize saa.